Bomba Jembamba na Jalidi ya Uingereza

Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi katika England na Wales zimelazimisha kwamba boila mpya ya gesi, isipokuwa penye udhuru maalumu, iwe ya namna inayopoza moshi wake hata mvuke uliomo ugeuke maji, kwa sababu mvuke ugeukapo maji huachilia joto ambalo zamani lilipotelea hewani kwa njia ya dohani. Maji hayo yana asidi, hayafai kupita katika shaba, basi hutolewa kwa bomba la plastiki. Na aghalabu mafundi walifuata njia nyepesi, wakatoboa ukuta wakapitisha nje bomba la milimita 21.5 tu.

Baridi kali ya Desemba 2010 ilidhihirisha kasoro hiyo, kwani maelfu ya mabomba yaliziba kwa barafu, na boila zikazimika katika siku zile zile zilipohitajiwa mno. Tone linalojikokota bombani hupoteza uvuguvugu wake na kuganda ubavuni, jingine likaganda juu yake, hata tundu likaziba, maji yakarudi nyuma yakigugumia ndani ya boila, nayo ikajizima kwa usalama.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kulivika bomba vazi la kuzuia baridi. Lakini vazi huchelewesha baridi, haliifukuzi, na muda linaoununua ni bure ikiwa maji hayana pa kukimbilia. Kwa hiyo lililo bora ni kuliunganisha bomba humo humo ndani na bomba la maji machafu la jikoni au la bafuni. Ikiwa hapana budi litoke nje, na lipanuliwe hadi milimita 32 kabla ya kuuvuka ukuta, lisizidi mita 3 huko nje, lishuke walau milimita 45 kwa kila mita, lisiwe na viwiko vingi, kisha livikwe sponji isiyopenywa na maji. Kadhalika ndani ya boila hufaa kiwepo kikombe cha kukusanyia matone, ili yatoke kwa mkupuo mmoja wenye joto na kasi.

Bomba lililokwisha kuganda huyeyushwa kwa kumiminiwa maji ya vuguvugu, wala si ya kuchemka, ambayo huweza kulipasua. Lakini hiyo ni tiba ya usiku mmoja. Mwenye nyumba afungaye boila mpya na amwulize fundi wake, kabla ukuta haujatobolewa, maji yatapita wapi. Maana baada ya hapo kila majira ya baridi yatamtoza gharama ya jibu ambalo hakulidai.