Cadillac Eldorado 1976: Mita 5.7 Zisizo na Paa!

Jamani, urefu kwanza! Kabla ya bei, kabla ya boneti, tazameni urefu. Mita 5.7! Chukua IST ya mchomoko, iunge na nusu ya IST nyingine, ndipo utaufikia. Na dude lote hilo lina milango miwili tu, na juu ni anga.

Ni Cadillac Eldorado ya mwaka 1976, nyekundu iliyoiva, siti za ngozi nyeupe. Limefufuliwa kuanzia chesisi na linauzwa kwenye yadi moja ya Ras Al Khor, Dubai, huko huko wanakofika watu wetu wa ukanda wa dhahabu kutafuta Land Cruiser wakishamaliza shughuli zao Deira. Mimi wa Kharumwa, Geita, nimeligusa, nimelikalia, nimeliwasha. Pikapu niliyotumwa kuiangalia sikumbuki hata ilikuwa ya rangi gani.

Mwaka ule wa 1976 hakukuwa na gari jingine la wazi lililoundwa Marekani. Kiyoyozi kilishakuwa kitu cha kawaida, barabara kuu zilikuwa za mwendo mkali, na viwanda viliogopa kwamba serikali ingeleta sheria za usalama gari linapopinduka. Wenzake wote wakajitoa. Cadillac ikatangaza kwamba hizi ndizo za mwisho, ikaunda 14,000, na watu wakazigombea. Wapo walionunua na kufungia gereji, wakingoja bei ipande. Miaka minane baadaye Cadillac ileile ikatoa Eldorado nyingine ya wazi! Waliohodhi walikasirika hadi wakaenda mahakamani. Hasira yao ndiyo neema yetu, maana magari yaliyotunzwa namna ile bado yanapatikana.

Sasa paa. Unabonyeza kitufe, turubai linanyanyuka, vyuma vinajikunja kuelekea ndani badala ya kutanuka pembeni, na lote linazama nyuma ya siti. Ujanja huo ndio uliowapa abiria wa nyuma kiti cha upana kamili. Watu wazima watatu wanakaa bila kubanana magoti. Na sakafu ni tambarare! Halina ule mgongo wa katikati, kwa sababu gari hili kubwa kiasi hiki linavutwa na matairi ya mbele.

Nikafungua boneti. Mama yangu! V8 ya lita 8.2. Canter nyingi zinazobeba mawe ya dhahabu kwenda kwenye karasha zina injini ya nusu yake. Ukisikia kwamba nguvu yake ni farasi 190 tu, usicheke. Injini hiyo hiyo mwaka 1970 iliandikwa farasi 400, kisha zikaja sheria za moshi, mgandamizo ukashushwa, na namna yenyewe ya kupima nguvu ikabadilishwa. Mvuto wake bado uko chini kabisa, kwenye mizunguko 2,000. Ukigusa mafuta, tani mbili na zaidi zinaondoka taratibu bila kelele, kwa heshima. Na breki ni za diski matairi yote manne.

Fundi aliyelifufua anaijua kazi yake. Nimepitisha sumaku kwenye kingo za milango na juu ya matairi, imenasa kila mahali. Hakuna puti iliyofichwa chini ya rangi. Vipande vya plastiki kati ya bampa na bodi, ambavyo kwa Cadillac za miaka hiyo hupukutika kwa jua, vimewekwa vipya. Ukitazama Eldorado yoyote, anzia hapo, kisha fungua paa na ulifunge tena mara kadhaa uone kama vyuma vyake vinakwenda sambamba.

Bei? Inalingana na ya Prado iliyotumika vizuri. Lakini bandarini Dar es Salaam TRA wanakusubiri: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini iliyozidi cc 2,000, nyongeza ya asilimia 30 kwa sababu ya uzee, halafu VAT juu ya hayo yote. Usukani uko kushoto. Petroli inakwenda lita 25 hivi kwa kilomita 100. Tumbo lake liko chini, na kwenye njia ya changarawe wakati wa masika utaliita trekta kulitoa.

Na bado nasema linunuliwe! Huku kwetu mtu akitoboa, akauza mawe yake vizuri, hununua Land Cruiser V8 nyeupe, anaweka vioo vya giza na kupotelea humo ndani. Tunajua ni yeye, hatumwoni. Eldorado haina pa kujifichia. Mwenye kulipanda anakubali kutazamwa, kuitwa jina, kuombwa hela ya soda, na kusalimiana na kila mtu kuanzia stendi hadi sokoni. Gari la wazi tumezoea kuliona siku za sherehe za kitaifa, Rais amesimama anapunga mkono. Kwa nini bibi harusi wa Kahama au Geita asipate yake?

Hapo ndipo penye hela. Mwenye kukodisha magari ya harusi Mwanza au Kahama, alilaze kwenye gereji kavu, alitoe Jumamosi kwenye lami tu, matarumbeta yatangulie kwenye pikapu, maharusi wakae nyuma na wasimamizi wao mbele. Uone kama kuna mtu atakayeulizia tena ile Crown yenye riboni!

Wewe mwenye mawe yaliyojibu, nauli ya Dubai unayo. Nenda kabla mtu mwingine hajaliona.