Hajiri Mlangoni: Waraka wa Elimu wa 2021 na Nidhamu ya Kanisa

Mwezi Juni 2017, akiwa ziarani mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi apataye mimba hatarudi tena katika shule ya serikali. Msingi wa jambo hilo ulikuwapo tayari, kwa kuwa kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa hivyo. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kuondolewa kwa katazo hilo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu wa kuwarudisha shuleni walioacha masomo, wakiwamo waliojifungua.

Wapo miongoni mwetu walioupokea waraka huo kwa shukrani, na wapo walioogopa kwamba utalegeza maadili. Makala haya yanadai kwamba waraka huo unatuhukumu sisi wachungaji. Serikali imefungua mlango ambao sharika zetu nyingi, toka Bunju hata Bagamoyo na kwingineko, zingali zimeufunga.

Msichana azaaye nje ya ndoa huwekwa chini ya nidhamu ya Kanisa, huzuiwa Meza ya Bwana, kisha hurudishwa kundini kwa toba ya hadharani. Mwanamume, ambaye tumbo lake halikui, huendelea kuimba kwaya. Hapa hatukemei uasherati, bali twakemea kuonekana kwake. Tena wengi wa hao ni watoto. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 huhesabu kuwa ubakaji tendo la mtu kulala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe, hata akiwa ameridhia. Basi twamdai toba aliyetendewa.

Itasemwa kwamba sheria yamfuata mwanamume. Ni kweli: tangu mwaka 2016 ampaye mwanafunzi mimba hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini mara nyingi jambo humalizwa nyumbani, na binti hunyamaza, kwa kuwa kumtaja mtu huyo ni kumpoteza anunuaye maziwa ya mtoto. Hivyo mimba hubaki shahidi pekee, nayo humshuhudia mmoja tu.

Itasemwa pia kwamba Mathayo 18 yaagiza nidhamu. Naam, lakini utaratibu ule huanza faraghani, kati ya watu wawili, na shabaha yake ni kumpata ndugu. Wetu huanza hadharani, na mara nyingi huishia kwa kumpoteza.

Baya zaidi, ziko sharika ambamo mtoto hucheleweshewa Ubatizo mpaka mama atubu. Hilo halina utetezi katika mafundisho yetu. Katika Katekisimo Kubwa, Luther afundisha kwamba Ubatizo wasimama juu ya Neno na agizo la Mungu, wala si juu ya imani ya abatizwaye. Sembuse juu ya mwenendo wa mamaye?

Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua hapo misheni iliyopokea watoto waliokombolewa. Mahali kama hapo kisa cha Hajiri, mama mtumwa, si habari ya mbali. Jirani zetu Waislamu humkumbuka kila mwaka wa hija, baina ya Safa na Marwa. Sisi aghalabu humwacha katika Wagalatia 4, awe mfano wa utumwa tu. Twasahau Mwanzo 21: aliyemtoa nje asubuhi na mapema, kwa mkate na kiriba cha maji, ni baba wa imani mwenyewe, na aliyeisikia sauti ya mtoto kichakani ni Mungu.

Wazee wa kanisa hawana budi kuanza na mambo matatu. Mtoto abatizwe bila sharti juu ya mamaye. Mwanamume atafutwe kwa bidii ile ile, na mama asaidiwe kudai matunzo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Tena usharika upange watu wa kumlea mtoto saa za masomo, maana ruhusa ya kurudi darasani haimfai mama asiye na wa kumwachia mwanawe.