Maji Magumu ya Likasi na Mtambo wa Kuyalainisha

Mji wa Likasi, huku Katanga nchini Kongo, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, umejengwa na shaba, na kwa sababu hiyo watu wengi wautajapo huwaza kwanza mawe ya kijani ya migodini na tindikali ya kiwanda cha Shituru. Lakini mama wa nyumba wa Kikula au wa Panda, ambaye kila juma hukwangua birika na kila afuapo huona sabuni ikiliwa ndooni kabla haijatoa povu, anapambana na jiwe jingine kabisa, jeupe, lisilosifiwa na mtu, nalo ni jiwe la chokaa. Wanajiolojia waandikao habari za miamba ya Katanga hulitaja tabaka la Kakontwe, lililopata jina lake papa hapa jirani na mji, yalipo machimbo na matanuri yaliyovipa viwanda vya Union Minière, na vya Gécamines baada yake, chokaa ya kutumia katika kazi ya madini. Mwenye nyumba atakaye kujilinda na chokaa hiyo kwa mtambo wa kulainisha maji hana budi kujua kwamba mtambo haufai kuchaguliwa kwa ukubwa wa umbo lake wala kwa wingi wa vitufe vyake, bali kwa hisabu ya maji yenyewe na kwa hali halisi ya bomba na umeme wa nyumba yake. Na anayeanza na duka kabla ya kuanza na hisabu aghalabu hununua asichokihitaji.

Mvua inyeshayo huku tangu Novemba mpaka Aprili hushuka ikiwa laini. Ipenyapo ardhini huchukua hewa ya kaboni itokayo katika mizizi na majani yaozayo, ikawa tindikali dhaifu, na tindikali hiyo, ikipita katika mawe ya chokaa na katika dolomiti ambayo hufuatana na shaba karibu kila mahali katika Katanga, huyayeyusha polepole na kubeba kalisiamu na magnesiamu bila kubadili rangi wala kuleta harufu. Maji yakipashwa moto hewa ile hutoka, na chokaa, ikiwa haina tena kinachoiweka majini, hurudi kuwa jiwe. Nimeishika mkononi rezistansi iliyotolewa katika tangi la maji moto la nyumba moja ya mjini: ukoko wake ulikuwa wa matabaka, mweupe karibu na chuma na wa rangi ya kutu kwa nje, na pale ulipobanduka, chuma chenyewe kilikuwa cheusi na kimepasuka, kwa kuwa joto lilikosa njia ya kufika majini likageuka kukila chuma kilicholizaa. Hasara kama hii hailetwi na maji ya kunywa, wala hapana ushahidi kwamba kalisiamu na magnesiamu katika maji humdhuru mwenye afya njema. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha afya juu ya ugumu wa maji. Hasara ni ya moto, ya sabuni na ya vyombo, na hili ni jambo la kushikwa tangu mwanzo, kwa sababu ndilo litakaloamua bomba lipi lipitishwe mtamboni na lipi liachwe.

Kabla ya mitambo ya leo palikuwa na njia ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huidhania kuwa kinyume cha akili, maana huondoa chokaa kwa kutia chokaa. Thomas Clark, mwalimu wa kemia wa Aberdeen huko Uskochi, aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1841: chokaa iliyozimwa ikitiwa majini kwa kipimo kilicho sawa hunyang'anya hewa ile ya kaboni, na mara chokaa zote mbili, ile iliyotiwa na ile iliyokuwamo, hugeuka unga mweupe ukatuama chini. Miji mingi na viwanda vingi hutumia njia hii hata sasa. Nyumbani yaweza kufanyika katika pipa la maji ya kufulia: ikiwa ugumu wote ni wa namna ile iondokayo kwa kuchemsha, nao ni miligramu 300 kwa lita, pipa la lita 200 litataka kiasi cha gramu 44 za chokaa safi iliyozimwa, ikorogwe vizuri, kisha maji yaachwe yatulie usiku kucha na kutekwa kwa juu. Palipo na magnesiamu nyingi kipimo huongezeka, na chokaa ikizidi maji huwa makali yakachoma ngozi. Kwa hiyo pipa hili ni la nguo tu, na mwenye kulitumia sharti awe amepima. Lakini kwa jamaa isiyo na fedha za mtambo, wala bomba la kuufunga, njia hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa malighafi yake inatoka katika ardhi tuikanyagayo.

Mtambo wa nyumbani hufanya kazi kwa siri nyingine. Ndani ya mtungi wake mna risini, punje ndogo za plastiki za rangi ya kahawia, mfano wa mayai ya samaki, ambazo kila moja imeshikilia sodiamu. Maji magumu yapitapo, risini huiachia sodiamu na kuikamata kalisiamu pamoja na magnesiamu, kwa kuwa huzipenda zaidi. Na pindi inapojaa, hupitishiwa maji ya chumvi makali, ambamo sodiamu ni nyingi mno hata risini hushindwa na wingi huo, ikaziachia kalisiamu na magnesiamu ziende na maji machafu, ikawa tayari kuanza upya. Hakuna kinacholiwa ila chumvi.

Hapa ndipo hisabu inapoanzia. Kipimo kitumikacho katika nchi zilizozoea Kifaransa ni nyuzi za Kifaransa, ambazo uzi mmoja ni miligramu 10 za chokaa katika lita moja, na kichupa cha kupimia huuzwa pamoja na mitambo. Hutiwa maji kidogo katika mrija wa kioo pamoja na rangi, yakawa mekundu ya mvinyo. Kisha dawa hudondoshwa tone baada ya tone, na kutikiswa, na kuhesabiwa, hata wekundu uingiwe na zambarau na ghafula maji yote yawe buluu safi. Idadi ya matone ndiyo idadi ya nyuzi. Ni vema kupima mwisho wa kiangazi na kupima tena katikati ya masika, kwani kisima na bomba la mji huweza kutofautiana, na hata chanzo kimoja hakina ugumu mmoja mwaka mzima.

Tuseme kipimo kimetoa nyuzi 30, yaani gramu 0.3 kwa lita, na nyumba ina watu 6 watumiao lita 400 kwa siku. Fundi mwenye pupa atayalainisha yote, ambayo ni gramu 120 za chokaa kila siku, naye atauza mtambo mkubwa. Lakini tukiacha choo, bustani, usafi wa sakafu na maji ya kunywa, tukalainisha yale yaendayo katika tangi la maji moto na katika kufua tu, huenda tukabakiwa na lita 150, ambazo ni gramu 45. Lita moja ya risini, ikioshwa kwa chumvi ya kiasi, huchukua takriban gramu 50. Basi mtungi wa lita 12 utachukua gramu 600 na kutosha siku 13, na kila kuoshwa kutataka kilo 1.5 za chumvi, ambazo kwa mwezi mzima hazifiki kilo 4. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni tofauti ya gharama kwa miaka yote ya maisha ya mtambo, wala haikutokana na ufundi wowote ila kugawanya mabomba kabla ya kununua.

Kugawa huku kuna sababu kubwa kuliko fedha. Kila miligramu 100 za chokaa zitolewazo huacha mahali pake miligramu 46 za sodiamu, hivi kwamba maji ya nyuzi 30 huongezewa miligramu 138 kwa lita, kiasi kisichofaa kwa uji wa mtoto mchanga wala kwa mgonjwa aliyekatazwa chumvi. Na katika mji wetu liko jambo zito zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven nchini Ubelgiji walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya madini vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Mtambo wa kulainisha haukuumbwa kuwa kinga ya hatari hiyo: yamkini risini ikakamata shaba na kobalti kidogo, kisha ikaziachia wakati usiojulikana, na urani, ambayo mgodi wa Shinkolobwe uliifanya kuwa habari ya dunia nzima, ikiwa ndani ya maji yenye kaboneti hupita kando ya risini hii bila kuguswa. Mwenye kisima aliye na shaka na apeleke maji yake maabara, na muuzaji amwambiaye kwamba mtambo huu pia husafisha maji ya kunywa asisadikiwe.

Sharti la pili ni msukumo wa maji na umeme, nalo huku kwetu lina nguvu kuliko hata ugumu. Mitambo mingi ya kisasa hujiosha yenyewe kwa saa ya umeme, na huivuta chumvi kwa kinyonyeo kidogo kinachotaka msukumo wa bari 1.5 au 2. Tangi lililoinuliwa mita 10 hutoa bari 1 tu, na yetu mengi yamesimama juu ya minara ya mita 3 au 4. Mtambo wa namna hiyo ukifungwa chini ya tangi kama hilo hautaivuta chumvi hata siku moja, na umeme ukikatika saa yake hupotea, ukajiosha mchana wa jua kali wakati maji yanapohitajiwa. Ilhali mwenye nyumba, akiona taa zake zikiwaka, huamini kwamba unafanya kazi. Ikiwa hapana pampu wala umeme wa kutegemewa, hukumu yangu ni kwamba ufaao ni mtungi wa chuma kisichoshika kutu, wa namna ile inayofungwa katika mashine za kahawa za mahotelini, wenye kifuniko juu na koki mbili tu. Siku ya kuuosha, maji hufungwa na msukumo kutolewa, kifuniko hufunguliwa, chumvi humiminwa kwa mkono, kisha maji huachiwa yapite taratibu, kwa muda wa saa nzima au karibu yake, mpaka yatokayo yakionjwa kwa ncha ya ulimi hayana tena chumvi. Msukumo mdogo huichelewesha kazi hii, lakini hauizuii.

Ama kuhusu chumvi yenyewe, wenyeji wa mto Lufira walikuwa wakichemsha chumvi ya Mwashya zamani, na katika siku za mfalme Msiri wa Bunkeya chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya misafara sawa na misalaba ya shaba. Leo chumvi ya dukani huletwa kutoka nje. Iodini iliyomo haidhuru risini, walakini mchanga huidhuru. Chumvi ya mawe iliyo chafu ichaguliwe ya mwisho, na ikiwa haina budi, ikorogwe katika ndoo, iachwe itulie, na maji yake ya juu ndiyo yatiwe mtungini.

Matunzo yaliyobaki ni machache, ila hayasameheki. Mtungi wa mkono aghalabu hauna njia ya kuirusha risini juu na kuitoa takataka, kwa hiyo chujio lifungwe mbele yake na libadilishwe mara linapokuwa jekundu, hasa baada ya bomba kukauka kwa siku kadha na kurudi na kutu yote iliyobanduka njiani. Kutu hiyo ndiyo adui wa risini kuliko chokaa, kwa kuwa huzifunika punje zisipate kubadilishana. Ikiisha kuingia, limao ya unga iliyoyeyushwa majini, ikiachwa mtungini saa chache kisha kuoshwa sana, huondoa sehemu yake. Nyumba ikifungwa kwa safari ndefu, mtambo uoshwe kwa chumvi kabla ya kuondoka na tena baada ya kurudi, maana maji yaliyolala katika joto huzalisha vijidudu. Juu ya hayo, siku ya kuosha isiamuliwe kwa kalenda peke yake: tone moja la dawa ya kupimia, pamoja na rangi yake, litiwe katika maji yaliyotoka mtamboni, na yakiwa buluu papo hapo risini ingali na nguvu, yakiwa mekundu imejaa. Tarehe na usomaji wa mita ya maji viandikwe kila mara katika daftari. Daftari hilo, baada ya miaka, ndilo litakaloonyesha kwamba mtungi uliokuwa ukitoa lita 2,000 kati ya kuosha na kuosha sasa unatoa 1,000 kwa chumvi ile ile na ugumu ule ule. Hapo ndipo risini inunuliwe mpya na ya zamani imwagwe, na mtungi, kifuniko na koki zake virudishwe kazini kama vilivyo.