Mshipa wa Fahamu: Jina Linaloficha Hesabu

Aghalabu wanafunzi hapa Kampala wanapotafsiri makala za sayansi, niuroni huiita 'mshipa wa fahamu'. Istilahi hiyo imezoeleka, lakini ina kasoro: mshipa hupitisha tu, kama ule wa damu. Kiganda nacho husema obusimu, neno linalomkumbusha msikilizaji simu. Huko pia ujumbe hupita tu.

Niuroni haipitishi tu, bali hujumlisha na kutoa. Moja yaweza kupokea ishara kutoka kwa maelfu ya wenzake: baadhi huichochea, baadhi huizuia. Ikitulia, huwa takriban milivolti 70 chini ya sifuri. Vichocheo vikifika pamoja, au vikifuatana upesi, huipandisha hadi kizingiti, karibu 55 chini ya sifuri, ndipo nayo hutoa ishara yake. Vizuizi vikizidi, hunyamaza.

Uzuiaji huu si jambo dogo. Sumu ya pepopunda hukatiza ishara za kuzuia katika uti wa mgongo, misuli ikabaki inaamrishwa kukaza. Anayejua 'mshipa' peke yake atadhani mgonjwa amezidiwa na ujumbe, kumbe amepungukiwa na makatazo.

Hatupendekezi kuufuta mshipa wa fahamu. Unalifaa fungu la nyuzi lipitalo mkononi au mguuni. Kwa seli yenyewe tuseme niuroni, na tufundishe maneno matatu: kichocheo, kizuizi na kizingiti. Mfasiri asiyekuwa nayo atampa msomaji bomba badala ya mizani.