Sinema: «Deep Cover», au uwongo ulioagizwa

Filme nyingi za polisi na wezi hazistahili nafasi katika kurasa hizi: risasi, magari, pesa, basi. «Deep Cover» ya Bill Duke ni tofauti. Ilitolewa mwaka 1992 na New Line, kampuni iliyokuwa bado nje ya makampuni makubwa ya Hollywood. Inatuuliza swali ambalo mapadri hulisikia mara nyingi katika kitubio: je, mtu aweza kutenda ubaya kwa sababu mkubwa wake amemwagiza, tena kwa kusudi jema?

Habari ni hii. Mwaka 1972, mjini Cleveland, wakati wa Noeli, mtoto Russell anaona baba yake akiuawa baada ya kuiba katika duka la pombe. Anaapa kwamba hatakuwa kama yeye. Anakuwa polisi, tena hanywi pombe kamwe. Ndipo Carver, mtu wa serikali, anamtuma Los Angeles kwa jina la John Hull, auze kokaine kusudi awafikie wakubwa wa biashara ile. Laurence Fishburne anamwigiza Hull kwa uso wa kimya. Jeff Goldblum ni David Jason, avoka anayeshirikiana naye katika biashara.

Tuangalie hatua zake. Kwanza ni jina la uwongo tu. Kisha anauza sumu kwelikweli. Kisha anaua mtu, na hakuna kitu kinachompata. Mwishoni yeye asiyekunywa anakunywa, hata kokaine anaionja. Na anapomkaribia mwanasiasa mkubwa wa Amerika ya Kusini, Carver anamwamuru aache: serikali sasa inamhitaji mtu yule. Hivi yule aliyeagiza uwongo alikuwa akimdanganya mtumishi wake vilevile.

Swali hili ni la zamani. Karibu na mwaka 420, Mtakatifu Agustino alimwandikia Consentius kitabu «Contra mendacium», kwani Wakatoliki wengine walijifanya wafuasi wa Prisciliano kusudi wawavumbue. Agustino alikataa kabisa. Kama kusudi jema linaruhusu uwongo, wizi na uzinzi nao wataomba ruhusa ileile.

Wengine watajibu kwamba wauza sumu hawakamatwi kwa kupiga hodi mlangoni. Jibu hilo lina nguvu, tusilicheke. Filme yenyewe haisemi kwamba polisi wakae na kutazama. Inaonyesha bei, na nani anayeilipa. Carver halipi. Analipa Hull. Analipa Belinda, mama aliyefungwa na dawa ile mpaka ikamwua, akaacha mtoto.

Tunasifu hasa sura ya Taft, polisi mcha Mungu. Katika filme za namna hii Mkristo kwa kawaida ni mjinga au mnafiki. Huyu ana akili timamu. Anamfuata Hull bila kujua kwamba ni polisi mwenzake, na anamsihi abadilike. Ni mbele ya Taft, saa ya kifo chake, Hull anapotamka kweli: mimi ni polisi.

Lakini mwisho unatusumbua. Hull anaficha dolari milioni 11 za biashara ile, kisha anawauliza watazamaji wangefanya nini nazo. Swali hilo ni jepesi kuliko filme yenyewe. Pesa ile ilitoka katika mifuko ya akina Belinda; neno la kurudisha halitajwi. Tena damu inamwagwa mara nyingine kwa kufurahisha macho. Kwa hiyo isionyeshwe mbele ya watoto wala katika sala ya parokia.

Waseminari wakubwa waitazame pamoja na mwalimu wao wa maadili. Wasianze kuuliza kama Hull alishinda. Waulize ni katika hatua gani angaliweza bado kukataa, na nani alikuwa karibu naye wa kumsaidia kukataa.