Kuieleza Sarufi kwa Lugha Isiyojulikana: Dai la Makerere la Mwaka 1961

Wanafunzi wa fasihi wanaukumbuka mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962, ambao Ngũgĩ aliuhudhuria akiwa bado mwanafunzi. Mwaka mmoja kabla yake, hapa hapa Makerere, wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mkutano huo hausemwi sana, ingawa ndio unaotugusa darasani kila siku.

Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism (1992), aliifupisha imani ya mkutano ule kuwa madai matano: Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza chenyewe; mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo; kuanza mapema ni bora; Kiingereza kikiwa kingi zaidi matokeo huwa mazuri zaidi; na lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yote matano aliyaita fikra potofu. Nitashughulika na la kwanza tu. Mengine yamejadiliwa mno, na hilo la mwalimu mzawa linachekesha kidogo: ni wangapi kati yetu waliowahi kufundishwa na mmoja?

Tumchukue mwanafunzi anayezungumza Kiganda. Akiwa amefanya kazi leo, atasema nkoze. Kama ni jana, nnakoze. Kama ni zamani, nnakola. Mwalimu wa Kiingereza anaandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba 'I worked' hutumika kwa tendo lililokwisha kutendeka. Mwanafunzi anatazama: matendo yake yote matatu yamekwisha. Jambo analolihitaji hajaambiwa, nalo ni kwamba Kiingereza hakipimi umbali wa wakati uliopita kwa umbo la kitenzi. Ni sentensi moja tu kwa Kiganda. Kwa Kiingereza, mtoto wa darasa la nne haielewi, kwa kuwa maneno ya kuelezea ni magumu kuliko kitu kinachoelezwa.

Mpaka hapo Phillipson ana haki. Lakini wanaomfuata husema kana kwamba lugha ya mama ikiruhusiwa darasani basi kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Tazama kiambishi -me- cha Kiswahili. Walimu wengi hukilinganisha na 'have', na kwa 'amekula' ulinganisho huo unafaa. Sasa jaribu 'amelala', 'amesimama', 'amevaa kofia'. Mara nyingi Kiingereza kitasema yuko usingizini, yuko wima, ana kofia kichwani, wala hakihitaji 'have'. Ulinganisho unamsaidia mwanafunzi pale tu mwalimu anapozijua lugha zote mbili vizuri na kuonyesha zinapoachana. Hofu ya mwaka 1961 kuhusu tafsiri haikuwa ya bure kabisa. Kosa lilikuwa kuifanya hofu hiyo kuwa sheria.

Tena kuna Kampala yenyewe. Mtaala wa mwaka 2007 uliagiza lugha za wenyeji zitumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi, kisha Kiingereza kishike nafasi. Katika darasa la mjini wamo Waganda, Wanyankole, Waacholi na Walugbara. Mwalimu atumie lugha ipi? Shule nyingi za mjini hujibu kwa kuanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Hoja ya Phillipson haimsaidii sana mwalimu huyu. Hata hivyo, asiyejua Kiacholi anaweza kumwuliza mtoto, 'Kwenu mnasemaje?' na kuyaandika majibu mawili matatu ubaoni.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa Kiswahili? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaotumwa kukifundisha ni sisi. Nasikia tayari wenzangu wakihimiza 'Kiswahili kwa Kiswahili tu', yaani dai lile lile likiwa limevaa kanzu. Wengine hufanya jambo la ajabu zaidi: huzieleza ngeli kwa Kiingereza, lugha isiyo na ngeli, kwa mtoto ambaye nyumbani husema ekitabo kyange, ebitabo byange. Mtoto huyo ana kitabu changu na vitabu vyangu mdomoni kabla hajafika shuleni, naye anapewa jedwali la kukariri. Kwa mwenzake Mwacholi, ambaye lugha yake haina upatanisho wa namna hiyo, jedwali lina kazi, na yeye ndiye wa kuongezewa muda. Kuwafundisha wote wawili somo moja kwa maelezo yale yale ni kumchosha wa kwanza na kumwacha wa pili nyuma.