Safaricom 2008: Hesabu ya hisa zilizonunuliwa kwa mkopo

Tarehe 9 Juni 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ya Kenya ilikuwa imeuza hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na siku hiyo ya kwanza bei ilipita shilingi 7. Aliyekuwa akifuatilia kwa mbali alidhani kila aliyenunua ameula. Miezi michache baadaye bei ilikuwa chini ya 5, na mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya 3. Wapo waliopoteza kidogo wakaendelea na shughuli zao. Wapo waliomaliza mtaji wote na bado wakabaki na deni. Wote walishika hisa ileile, waliyoinunua kwa bei ileile. Walichotofautiana ni pesa ya kununulia ilitoka wapi, na hapo ndipo ninapotaka tuingie na kalamu na karatasi.

Kwanza, kwa nini watu walikopa. Mwaka 2006 serikali hiyohiyo iliuza sehemu ya KenGen, kampuni ya kufua umeme, kwa shilingi 11.90 kwa hisa. Zilipoingia sokoni, hisa hizo zilipanda hadi kupita 40. Habari ya jirani aliyezidisha pesa yake mara tatu husafiri haraka kuliko taarifa yoyote ya mahesabu, na Safaricom ilikuwa kampuni ambayo kila mtu aliishika mkononi: simu yake, vocha yake, na tangu Machi 2007, M-Pesa. Uuzaji ulipofunguliwa tarehe 28 Machi 2008, benki zilikuwa tayari na mikopo maalumu ya kununulia hisa hizo. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Walioomba walipita watu 800,000, na maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Maombi yakizidi, kila mtu anapunguziwa. Mwananchi wa kawaida aliishia kupata kama asilimia 21 ya alichoomba; aliyeomba hisa 2,000 alipewa 420. Pesa iliyobaki ilirudishwa, lakini haikurudi mara moja. Benki nayo ilihesabu riba juu ya mkopo wote kuanzia siku ilipoutoa, bila kujali kwamba hisa zilizopatikana ni kipande tu.

Tuchukue mfano wangu wa kukadiria. Mtu ana shilingi 100,000 zake, anakopa 900,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, anaomba hisa 200,000 kwa shilingi milioni moja. Anapewa hisa 42,000, zenye thamani ya shilingi 210,000. Shilingi 790,000 zinarudi na kwenda moja kwa moja kupunguza mkopo, lakini tuseme zinarudi baada ya miezi miwili. Riba ya miezi hiyo miwili juu ya 900,000 ni shilingi 22,500. Sasa anadaiwa 110,000 za mkopo uliobaki na hizo 22,500 za riba, jumla 132,500. Ili arudishe kila senti yake, hisa lazima iuzwe kwa shilingi 5.54, siyo 5, kabla hata ya kumlipa dalali.

Akiwahi kuuza kwa 7, anapata 294,000. Akilipa deni anabaki na 161,500. Faida ni 61,500 juu ya mtaji wa 100,000, ndani ya miezi miwili. Mwenzake aliyeomba kwa 100,000 zake tu amepata hisa 4,200, na kwa bei hiyohiyo ya 7 faida yake ni shilingi 8,400. Mkopo umezidisha faida mara saba, na huo ni ukweli ambao mchambuzi mwaminifu hapaswi kuuficha. Kukopa ili kuwekeza si wazimu. Kunafanya kazi, na ndiyo maana kunavuta watu.

Sasa geuza karatasi. Tuseme hakuuza Juni, alisubiri ipande zaidi kama KenGen. Inafika Machi 2009, bei ni 3. Riba ya miezi tisa mingine juu ya 110,000 imeongeza 12,375, kwa hiyo deni ni 144,875. Hisa zake 42,000 zina thamani ya 126,000. Akiuza zote, bado anadaiwa 18,875, na ile laki moja yake imekwisha kabisa. Mwenzake asiyekopa amepoteza 8,400, kiasi kilekile ambacho angekipata bei ilipokuwa 7, na zile 79,000 zilizobaki zilirudi mfukoni mwake zamani. Kwa asiyekopa, shilingi mbili juu na shilingi mbili chini zina uzito sawa. Kwa aliyekopa, juu alipata 61,500 na chini anapoteza 118,875. Riba ndiyo inayoipinda mizani, kwa sababu inatembea upande mmoja tu.

Kilichoangusha bei hakikuwa Safaricom yenyewe. Kampuni iliendelea kupata faida. Nchi ilikuwa imetoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, madalali wa hisa walikuwa wanayumba (Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi Machi 2008), na Septemba benki ya Lehman Brothers ilianguka Marekani, wageni wakaanza kuondoa pesa zao katika masoko madogo. Mimi naongeza sababu moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: maelfu ya wauzaji walikuwa na mikopo inayoiva kwa wakati mmoja. Mtu mwenye tarehe ya kulipa hauzi kwa kuwa bei ni nzuri. Anauza kwa kuwa siku imefika, na jirani yake naye siku imefika, na bei inashuka kwa wote.

Aliyenunua kwa pesa yake alikuwa na kitu ambacho mkopaji hakuwa nacho, nacho ni muda. Ilichukua miaka kadhaa hisa hiyo kutulia juu ya shilingi 5, na mwaka 2021 iliuzwa kwa zaidi ya 40. Waliokuwa sahihi kuhusu kampuni walikuwa wengi sana. Baadhi yao walikuwa wameshauza kwa hasara ili kulipa benki.

Msomaji wa hapa wilayani Ileje anaweza kuuliza hisa za Nairobi zinamhusu nini. Mwaka huohuo wa 2008 jambo la namna hiyo lilitokea kwetu Tanzania, kwenye mazao. Wanunuzi wa pamba na kahawa, vyama vya ushirika na kampuni binafsi, walikopa benki wakanunua kwa wakulima kwa bei ya juu ya msimu. Bei ya dunia ilipoporomoka baada ya Septemba, mzigo ulikuwa ghalani na deni lilikuwa benki. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, na sehemu yake ilikuwa kufidia hasara za wanunuzi hao na kuwaongezea muda wa kulipa. Serikali iliokoa wanunuzi kwa kuwapa kile kilichokosekana Nairobi, yaani muda. Mkulima mmoja mmoja aliyekopa hawezi kutegemea kwamba atatangaziwa mpango kama huo.

Na huku kwetu Ikinga, ndani ya Ileje, mkopo wa kawaida si wa hisa, ni wa mbolea na viuatilifu vya kahawa. Mkopo huu una ubora ambao wa Safaricom haukuwa nao: mbolea huongeza kilo, ilhali hisa haizai hisa kwa sababu umekopa. Lakini bei ya kahawa ya arabika inaongozwa na soko la New York, na soko hilo halina huruma na tarehe za mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ratili moja ilishuka chini ya senti 50 za dola. Mapema 2025 ilipita dola 4. Mtu anayekopa akiwa na bei ya mwaka jana kichwani anafanya kosa la wale waliokuwa na KenGen kichwani.

Kuna pia magoma, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ambayo viongozi wa mkoa wetu wamekuwa wakiipiga vita. Tuseme mkulima anapewa shilingi 2,000 kwa kilo mwezi Januari, na kilo hiyo inauzwa 4,000 mwezi Julai. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka, na hakuna benki inayothubutu kuiandika. Hata hivyo tuwe wa haki: deni la magoma linahesabiwa kwa kilo. Bei ikianguka, hasara ni ya mnunuzi, na hapo mkulima ana kinga ambayo mkopo wa pesa haumpi. Kinachombakia ni hatari ya mavuno. Mbuni ukizaa vizuri mwaka huu, mwaka unaofuata mara nyingi hupungua, na kilo zinazodaiwa hazipungui pamoja nao.

Kwa anayekopa pesa, hesabu ya kuifanya kabla ya kusaini ni fupi. Chukua deni pamoja na riba hadi siku ya kulipa, gawanya kwa kilo unazotarajia. Deni la shilingi 1,400,000 kwa kilo 500 linahitaji bei ya 2,800. Kilo zikiwa 350, linahitaji 4,000. Fanya mgawanyo huo mara mbili, kwa mwaka mzuri na kwa mwaka mbaya, na uangalie kama bei hiyo ya pili imewahi kulipwa hapa.

Kisha itazame tarehe. Kahawa ikishakusanywa kwenye chama cha msingi, inakwenda mnadani, na pesa humfikia mkulima baada ya hapo, wakati mwingine wiki nyingi baada ya hapo. Riba haisimami kusubiri mnada, kama vile haikusimama kusubiri marejesho ya Safaricom. Mkataba unaotaka malipo mwezi wa mavuno umeandikwa na mtu asiyejua kahawa inalipwa lini, au anayejua vizuri sana. Sharti la kupigania mezani, hata kabla ya asilimia ya riba, ni siku ya kulipa ihesabiwe kuanzia malipo ya mnada yanapoingia kwenye akaunti ya mkulima.